Bertilla wa Somo la Sita

Nesi Husna alimjua Bertilla kabla hawajaonana. Siku aliyohamia zahanati ya kijiji chao, upande wa Mwimbi, alishuka kwenye Fuso ya baba yake na godoro, jiko la gesi na mabegi mawili. Mama mmoja mwembamba, mwenye sweta la kijani na kitenge kiunoni, akawa anakuja kumpokea. Husna akabaki ameduwaa, begi likiwa bado begani.

"Wewe si Mama Bertilla?" alisema. "Wa somo la sita!"

Bertilla hakujua somo la sita ni kitu gani. Alichokijua ni kwamba magoti yalikuwa yanamuuma, kwamba tangu asubuhi alikuwa amepita kaya kumi na moja, na kwamba huyu alikuwa nesi wa tano kumpokea tangu aanze kazi ya uhudumu wa afya hapo kijijini. Alimpokea jiko, akampeleka kwenye nyumba ya watumishi, akamwonyesha kisima na choo, akamwambia kwamba mwezi wa sita baridi ya huku juu huingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo atafute blanketi la pili. Wale wanne waliotangulia aliwaambia maneno hayo hayo, na wote walikuwa wameshaondoka.

Husna alikuwa na miaka ishirini na saba, binti wa Mahmud mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sumbawanga mjini. Kazi aliipenda, ila alitaka na shahada. Kwa hiyo alikuwa anasoma afya ya jamii bila kutoka kituoni. Chuo kimoja cha hapa nchini kilikuwa kimeungana na chuo kingine cha Ulaya. Wanafunzi wanabaki kazini kwao, masomo yanawafikia kwenye kishikwambi, na mara moja kwa mwezi wanakutana na walimu kwenye kioo, kila mtu akiwa kwake: huyu Zambia, yule Malawi, wengine huko huko Ulaya. Na katika masomo hayo, la sita lilikuwa na video ya kijiji kimoja cha Ufipa, na ndani ya video alikuwamo Bertilla.

"Wewe ni maarufu, mama," Husna alimwambia. "Wanafunzi mia tatu kila mwaka wanakuangalia."

Bertilla akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Aliwakumbuka wale wageni wa kamera. Walikaa siku mbili, wakamtembeza, wakamrudisha, wakamwambia apite tena kwenye njia ile ile aliyokwisha kuipita kwa sababu jua lilikuwa limejificha. Walimpa karatasi akaweka sahihi. Walipoondoka walimwachia fulana na mwavuli, na mwavuli haukumaliza hata masika moja.

Wiki ya tatu, bibi Cornelia aliletwa zahanati na mjukuu wake Luciana, msichana wa darasa la tano. Bibi alikuwa na kidonda mguuni, juu kidogo ya kifundo. Husna alimsafisha, akamfunga, akampa dawa, akamwambia arudi kila baada ya siku mbili. Kila alichokifanya kilikuwa sawasawa. Lakini hakumwamkia. Bertilla, aliyekuwa kwenye benchi anajaza fomu zake, alishangaa, maana binti huyu alikuwa na adabu. Hata walevi waliokuja kushonwa aliwaita baba. Kwa Cornelia alisema tu, "Kaa hapo. Weka mguu hapa."

Walipotoka, Husna alinawa mikono akasema, "Ndiye yule bibi?"

"Yupi?"

"Yule aliyemzuia mkwewe asiletwe kituoni. Aliyemnywesha mizizi mpaka damu ikamwishia. Nimemtambua, kwenye video anapeta ulezi."

Kalamu ya Bertilla ikasimama. "Nani kasema hivyo?"

"Somo linasema. Na wewe mwenyewe umo, mama. Unasema."

Mchana ule wagonjwa walipokwisha, Husna alikiegemeza kishikwambi ukutani barazani, wakakaa wawili kwenye benchi. Video, aliyoipakua akiwa mjini, ilikuwa ya dakika kumi na nne. Ilianza na mlima na ng'ombe, halafu sauti ya kizungu ikaeleza kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Maneno ya Kiswahili yalikuwa yanapita chini. Kisha akatokea yeye Bertilla, mwenye afya nzuri kuliko ya leo, anapanda kilima. Sauti ikasema kwamba katika kijiji hiki mama kijana aitwaye Anna alifariki kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, kwa sababu familia yake ilichelewa kutafuta huduma. Ikaja sura ya Bertilla karibu kabisa, mpaka makunyanzi yakaonekana, akisema: "Wapo wazee wanaotumia dawa za miti shamba." Papo hapo video ikamrukia Cornelia na ungo wake, anapeta, makapi yanapeperuka, na sauti ikaendelea juu ya kichwa chake.

Mwishoni yalikuja maswali. Ni imani zipi zilizomchelewesha Anna kufika kituoni? Wewe kama mtaalamu ungezungumzaje na bibi huyu?

"Hilo la pili nilipata tisini na mbili," Husna alisema.

Bertilla aliomba aangalie tena pale anaposema. Akaangalia. Maneno yalikuwa yake, mdomo ulikuwa wake. Swali tu ndilo halikuwepo. Walikuwa wamemwuliza kama kijijini wapo watu wanaotumia dawa za miti, akajibu kama ambavyo mtu yeyote angejibu. Swali lilikatwa, jibu likapelekwa likakaa mahali pengine.

"Kazi nzuri," alimwambia Husna, akakunja fomu zake akaenda nyumbani.

Ukweli wa jambo lile aliujua yeye kuliko mtu yeyote aliye hai. Anna hakuwa Anna, alikuwa Mary, mke wa Benjamini, mwana wa Cornelia. Uchungu ulimwanza alfajiri, mwezi wa pili, mvua inanyesha. Aliyekimbia kumgongea Bertilla mlango alikuwa Cornelia mwenyewe, kichwani hana kilemba, miguu mitupu. "Tumpeleke," ndilo neno la kwanza alilolisema, na hakuna mtu aliyetaja mizizi. Benjamini alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamlaza Mary juu ya nyasi kavu, wakamfunika turubai. Barabara ilikuwa tope tupu. Walitumia saa moja na nusu, Cornelia akitembea kando ya mkokoteni akimshika mkwewe mkono.

Zahanati waliikuta imefungwa. Mganga wake wa wakati ule, bwana Leonardi, alikuwa ameitwa kwenye semina ya siku tatu Sumbawanga. Mwenzake mmoja aliyekuwa naye alikuwa ameenda masomoni miaka minne nyuma na hajaletwa wa kumshikia nafasi. Kijijini hakuna aliyeambiwa, na enzi hizo simu zilishika mtandao kilimani tu. Kituo kingine kilikuwa mbali, saa tatu nyingine kwa mkokoteni. Mary alijifungulia pale barazani, juu ya saruji, mikononi mwa Bertilla. Mtoto wa kike alilia vizuri. Lakini damu haikukoma.

Benjamini aliokota jiwe. Alitaka kuvunja kufuli. Ndani mlikuwa na sindano, mlikuwa na dripu, Bertilla alijua kabati lenyewe lilipo. Na ni Bertilla aliyemzuia. Alimshika mkono akamwambia, "Acha, ni mali ya serikali, utafungwa." Alikuwa na mafunzo ya wiki mbili tu na aliogopa. Aliiogopa serikali, na aliogopa kuichoma sindano asiyoijua. Benjamini aliliweka jiwe chini. Mary alikata roho kabla jua halijatoka mawinguni.

Miaka miwili baadaye, walipokuja wale wa kamera na kumwuliza yule mama alikufaje, afisa mmoja kutoka wilayani alikuwa amesimama ubavuni mwa kamera, mikono mfukoni, anasikiliza. Bertilla alisema walichelewa kupata huduma. Hakudanganya. Ila mlango hakuutaja, wala kufuli, kwa sababu aliyetaja mlango angetaja na jiwe, na akitaja jiwe angeulizwa nani aliyesema liwekwe chini. Wageni wakajaza wenyewe palipobaki wazi. Benjamini wakati huo alikuwa ameshahamia Kasanga kupakia mizigo ya Kongo bandarini, na hakurudi ila kwa mazishi ya watu wengine. Cornelia alimlea mjukuu, Luciana, kwa maziwa ya ng'ombe na uji wa ulezi.

Bertilla angeendelea kunyamaza. Haoni aibu kukiri hilo. Mtu akishabeba mzigo miaka kumi na moja, bega linauzoea. Palikuwa na chanjo za watoto, palikuwa na vyandarua vya kugawa, palikuwa na fomu mpya ambazo mradi mpya ulizileta juu ya fomu za mradi wa zamani, na shamba lake mwenyewe la mahindi lilikuwa linamsubiri palizi. Alimwona Husna kila siku na hakusema kitu.

Kilichomtoa ni mguu. Siku ya ziara zake za kawaida alifika kwa Cornelia, akapiga hodi, na kabla hajaketi harufu ikampokea. Kidonda kilikuwa kimepanuka, kitambaa kimegandia.

"Shikamoo mama. Mbona hukurudi kufungwa?"

"Marahaba mwanangu. Nilirudi mara moja." Cornelia aliuvuta mguu chini ya kitenge kama mtoto anayeficha kitu. "Yule nesi mpya ananitazama kama nimemwibia. Nimejiuliza nimemkosea nini, sikioni. Nikaona bora nikae na mguu wangu."

Bertilla aliuosha kwa maji ya moto na chumvi, akaufunga kwa kitambaa safi. Kutoka pale hakuendelea na kaya nyingine. Alirudi moja kwa moja zahanati, akamkuta Husna anahesabu chupa za dawa, akamwambia yote, akiwa amesimama, mpaka kwenye jiwe.

Husna alikaa chini. Kwanza alikasirika. "Sasa mama, kwa nini hukusema? Mimi nimeandika kurasa nne juu ya yule bibi! Kurasa nne!"

"Uliandika walichokufundisha."

"Na wewe ndiye uliyewapa!"

"Ndiyo," Bertilla alijibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Halafu Husna aliinuka, akafungasha bandeji na dawa kwenye mfuko, akasema, "Twende." Walitembea pamoja mpaka kwa Cornelia, na mlangoni yule binti alivua viatu, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo bibi. Nimekuja kukufunga mguu. Utanisamehe, nilikupokea vibaya." Cornelia alimtazama huyu, akamtazama yule, asielewe, akasema marahaba, karibu, ila viti ni hivyo hivyo vibovu. Tangu siku ile Husna alikwenda mwenyewe kila baada ya siku mbili, na kidonda kikaanza kufunga.

Kwa Husna, kuomba radhi hakukutosha. Alimwandikia Daktari Nestory, mratibu wa masomo upande wa chuo cha nyumbani, kwamba somo la sita lina kosa na Mama Bertilla yuko tayari kusema. Jibu lilikuja siku ya pili: furaha iliyoje, amlete kwenye darasa la mwezi, wanafunzi wa nchi zote watafurahi kumwona mhusika mwenyewe. Lile neno la kosa hakuligusa.

"Hajaelewa," Bertilla alisema.

"Ataelewa ukishafika."

Lakini kabla ya kwenda popote alikuwa na mtu wa kumwona. Bwana Leonardi alikuwa amestaafu, anaishi kijiji cha jirani, analima ulezi na kufuga nyuki. Bertilla alimkuta shambani anakusanya nyasi kwenye matuta, mgongo umepinda.

"Tumsifu Yesu Kristo, bwana mganga."

"Milele amina. Mama Bertilla! Umekuja kwa miguu?"

Alimweleza. Leonardi alisikiliza bila kuacha jembe, kisha akaliacha.

"Mimi sina semina ninayoikumbuka ila ile," alisema. "Walitufundisha kuzuia vifo vya wazazi. Siku tatu. Tulipewa madaftari yenye picha juu. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali, nikikaa unanichoma."

"Nikisema mlango, nitakuwa nimekutaja."

"Nitaje." Alipangusa jasho. "Lakini ukisema, sema na hili: nilikuwa peke yangu miaka minne. Niliandika barua tatu kuomba mtu. Usiseme mlango ukaacha barua. Ukiacha barua utakuwa umenifanyia kama walivyomfanyia Cornelia."

Bertilla aliahidi. Waliagana bila maneno mengi; wote wawili walikuwa wamezeeka kwenye jambo hilo hilo, kila mmoja kivyake.

Siku ya darasa walipanda Fuso ya mzee Mahmud iliyokuwa inarudi mjini na mahindi, wao wakiwa mbele na dereva. Mtandao wa kijijini usingebeba video, kwa hiyo Husna alimwandaa Bertilla dukani kwa baba yake, kwenye stoo ya nyuma, katikati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi. Mama yake Husna, bi Kulsumu, alimletea chai ya tangawizi na chapati, akamfunika shuka mabegani kwa baridi, akamwambia, "Kula kwanza, dada. Hao walimu hawaendi popote." Bertilla alikunywa chai. Chapati hakuiweza.

Kioo kilijaa vichwa vidogo vidogo, kila kimoja kwenye dirisha lake. Daktari Nestory alikuwa na tai. Mwalimu wa Ulaya, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi aitwaye Profesa Ingeborg, alitabasamu na kupunga mkono kama anayemwona ndugu. Nestory alitafsiri: anasema ni heshima kubwa, anasema amekufahamu miaka minane.

"Mwambie nashukuru," Bertilla alisema. "Halafu mwambie yule bibi hakumzuia mtu."

Nestory alisita. "Mama, labda tuanze na kazi zako za kila siku, halafu..."

"Baba, nimetoka mbali na magoti yangu ni mabovu. Tafsiri."

Akasema. Alisema polepole, ili yule bwana apate kufuata: alfajiri, mvua, mkokoteni, Cornelia na miguu mitupu. Alisema mlango na kufuli. Alisema Leonardi alikuwa peke yake miaka minne na aliandika barua tatu, na semina aliyoitiwa ilihusu kuzuia vifo vya wazazi. Alipofika kwenye jiwe alisogea karibu na kioo. "Sindano ilikuwa ndani. Mume wake alitaka kuvunja. Mimi nikamwambia aache. Kama mnataka mtu wa kuuliza maswali chini ya somo, niulizeni mimi. Msimwulize yule bibi."

Nestory alitafsiri yote, mpaka jiwe. Mwanafunzi mmoja wa Malawi alizima kamera yake. Profesa Ingeborg alivua miwani akabaki anaishikilia.

Profesa aliposema, Nestory alitafsiri kwamba amesikitika sana. Kwamba walitegemea taarifa walizopewa. Kisha akauliza kama kuna kumbukumbu ya maandishi, rejesta labda, inayoonyesha kituo kilikuwa kimefungwa siku ile.

Husna akajibu mwenyewe. "Nimeitafuta. Siku zile tatu rejesta ni tupu. Hakuna aliyeandikwa, kwa sababu hakukuwa na wa kuandika."

Daktari Nestory alisema jambo hili ni zito, litapelekwa kwenye kamati ya vyuo vyote viwili. Alimshukuru Mama Bertilla kwa moyo wake. Muda ulikuwa umekwisha, darasa likafungwa, na vichwa vikaondoka kimoja kimoja mpaka kioo kikabaki na sura ya Bertilla peke yake, imezungukwa na saruji.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha, mama."

Alidhani atajisikia mwepesi. Watu husema hivyo, kwamba ukitema jambo unapumua. Yeye alisikia usingizi tu. Bi Kulsumu alimlaza kwenye kochi la sebuleni, akalala mchana kutwa kama mgonjwa wa homa.

Kamati ilikaa miezi minne. Katika miezi hiyo Bertilla aligawa vyandarua, akavuna mahindi, akazika jirani, akajaza fomu. Husna alifanya mitihani yake, akafaulu, na maksi zake za tisini na mbili hakuna aliyezigusa ingawa aliomba zifutwe. Siku moja alikuja na kishikwambi mkononi, hana furaha wala huzuni usoni.

"Wamelitoa somo," alisema.

"Wamelirekebisha?"

"Wamelitoa lote. Sasa la sita linahusu maji, kijiji cha nchi nyingine. Wameandika kwamba video ya zamani ilikuwa na mapungufu." Alikizima kishikwambi. "Profesa ameniandikia mwenyewe. Anasema alipigania libaki lenye ukweli, wenzake wakaogopa. Mwaka ujao mkataba wa vyuo unafanyiwa mapitio, hawakutaka maneno na serikali wala na wafadhili."

Bertilla alichukua muda kulielewa. Alikuwa amekwenda kusema ili Mary asemwe sawasawa, na matokeo yake Mary hasemwi kabisa. Mlango uliofungwa haumo. Barua tatu za Leonardi hazimo. Walichofuta ni uongo, lakini na mtu wamemfuta pamoja nao.

"Basi," alisema. "Angalau bibi ametoka."

Siku ya pili alikwenda kwa Cornelia. Njiani alijiuliza kama kuna haja. Bibi wa watu hakujua kwamba kwa miaka minane alikuwa akilaumiwa na vijana wa nchi ambazo hata majina yake hajayasikia, na sasa hawamlaumu tena, kwa hiyo angeweza kuachwa na amani yake. Lakini Bertilla alikuwa amekwisha kunyamaza mara moja na aliona palipofikia. Alimkuta jikoni, akaketi kwenye kigoda, akamwambia tangu mwanzo. Hata jiwe alilisema, ingawa Cornelia alikuwepo siku ile.

Cornelia alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Jiwe nalikumbuka," alisema mwishowe. "Benjamini hajakusamehe. Mimi nilishamaliza zamani. Hata mimi nilikuwa na mikono, sikuokota jiwe lolote." Alitupa punje mbovu. "Kwa hiyo Mary amekuwa akitazamwa huko Ulaya."

"Yeye hakuonekana, mama. Walimtaja tu. Na jina walimpa jingine, Anna."

"Anna." Cornelia alilirudia mara mbili, kama anayeonja chumvi. "Hakupenda hata kidogo mtu akikosea jina lake. Siku ya ndoa padri alikosea, akamrekebisha pale pale altareni, watu tukacheka."

Bertilla hakuwahi kulisikia hilo. Wakakaa. Luciana aliporudi kutoka shuleni aliwaamkia wote wawili, akatua ndoo, akachukua ungo akawasaidia maharage, na bibi akaanza kumsimulia ya mama yake na yule padri. Bertilla alibaki pale mpaka jioni, jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote.

Kuelekea Krismasi Daktari Nestory alimpigia simu. Sauti ilikuwa ya chini kidogo kuliko ile ya darasani. Alisema yeye na Profesa Ingeborg wanataka kuandaa somo jipya, nje ya ule mkataba mkubwa, kuhusu vituo vilivyofungwa. Wangeleta mtu wa kamera baada ya masika. Je, Mama angekubali kusimulia tena?

Bertilla alikuwa amesimama kilimani, panaposhika mtandao, anahema.

"Mimi nimeshasimulia, baba," alisema. "Sina jipya. Wakija, waende kwa Leonardi wakaone nakala za barua zake, bado anazo. Halafu waende kwa Cornelia. Na wakifika kwa Cornelia wasimpige picha kabla hawajaketi na kumwuliza."

"Na wewe?"

"Mimi nitawaonyesha njia."

Nestory alisema ameandika yote. Masika yalikuja yakapita, na mtu wa kamera hakufika. Mwezi wa saba Husna aliambiwa kwamba fedha bado zinatafutwa. Bertilla anaendelea na kaya zake kumi na moja kwa siku, siku nyingine tisa, magoti yakikataa, na zahanati yao sasa ina wauguzi wawili, ingawa mmoja ameshaomba uhamisho.